Kasuku Bubu wa Mahameni

Watu wa mjini wakisikia neno kasuku humfikiria yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayewekwa kwenye tundu barazani ili atukane wageni. Huyo simjui wala sina haja naye. Kasuku niliokua nao mimi hawajapata kumtukana mtu. Ni wa kijani, wadogo, hawazidi njiwa aliyenenepa. Kichwa chao kina rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, na jicho lao la njano linakutazama kama vile wewe ndiye mwizi. Uzuri wao wameuficha kwapani. Akipita juu yako ndipo unaona manjano chini ya bawa, mara moja tu, halafu keshapotea.

Tuliwaita kasuku bubu. Si kwamba hawana sauti. Wakiwa angani wanapiga kelele za kukwaruza masikio, na kundi la sita au saba linatosha kumwamsha mtu aliyelala na homa. Lakini wakishatua mtini kula, kimya. Unaweza kusimama chini ya mkuyu uliojaa kasuku usimwone hata mmoja, mpaka maganda ya makuyu yaanze kukudondokea kichwani. Ukipiga makofi hawaruki. Wanaganda pale pale, kijani ndani ya kijani, wanangoja uchoke uende zako. Na ukimfuga, hasemi. Mjomba wangu alimfuga mmoja miaka mingi, akimfundisha kusema "karibu" kila asubuhi, na alichoambulia ni kovu kwenye kidole gumba. Wakubwa kwa wadogo tulijua kuwa kasuku wa kwetu haigi mtu. Tulilijua hilo kama tulivyojua kuwa mhogo mchungu unaua, wala hakuna aliyefikiri kwamba tunaweza kuwa tumekosea.

Kitongoji chetu kilikuwa kwenye vilima vya upande wa Kisarawe, mwendo mrefu wa miguu kutoka stesheni ya Soga. Nyumba zilikuwa chache, zimetawanyika, kila moja na mikorosho yake. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mvule mkubwa. Juu kabisa, pale tawi moja lilipokatika zamani, gogota alikuwa ametoboa shimo, mti ukaoza ndani kwa ndani, shimo likapanuka, na kasuku wakalirithi. Kasuku hachimbi nyumba. Anasubiri mwenzake achimbe. Mama alikuwa akiwasema sana kwa hilo. "Wavivu hao," alikuwa akisema, "kazi yao kuhamia tu."

Baba alifariki nikiwa sijaanza kutembea. Nyumbani tulikuwa watatu, mama, dada yangu na mimi. Mjomba alikaa nyumba ya pili. Dada alivunja ungo mwaka mmoja kabla ya operesheni ya vijiji, akawekwa ndani.

Siku hizi mambo haya yanasimuliwa kama hadithi, lakini kwetu Wazaramo yalikuwa ndiyo maisha. Msichana akivunja ungo anakuwa mwali. Anakaa chumba cha ndani, haoni jua, haonwi na mwanamume, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Inaweza kuwa miezi, inaweza kupita mwaka. Somo yake, ambaye kwa dada alikuwa bibi mmoja jirani, anakuja kumfunda. Anapewa mwana wa mti, kinyago kidogo kisicho na mikono, chenye nywele za kubandika, anakilea, anakiogesha, anakipaka mafuta, ili kesho na keshokutwa naye azae. Na mwali hapazi sauti. Anasema kwa kunong'ona, tena na wanawake tu. Akitaka kumwita mtu aliye nje anatumia ishara ya nyumba yao.

Ishara yetu ilikuwa mluzi. Haukuwa ule wa wachunga mbuzi, ulikuwa mwembamba, wa kupitia menoni, unapanda taratibu halafu unashuka kidogo mwishoni, kama swali. Mama alikuwa akiitika kwa kupiga vidoko viwili kwa ulimi. Maana yake, nimesikia, nakuja. Mama mwenyewe aliita hivyo alipokuwa mwali, na mama yake akamwitikia hivyo hivyo. Sheria ilikuwa moja tu: mwali akiita, aitikiwe. Hata kama mikono imo kwenye unga, hata kama kuna wageni barazani, mama alipiga vidoko vyake viwili kwanza, mengine baadaye. Mwali asiyeitikiwa, walisema wakubwa, anaingiwa na upweke, na upweke ukishamwingia hautoki.

Mimi nilikuwa mtoto mbishi, tena mwenye wivu. Dada anakula paja la kuku amekaa, mimi nachota maji bondeni. Nilimwambia, "Na mimi nikivunja ungo nitakaa ndani miaka kumi, mtanitambua." Akacheka kwa kujiziba mdomo, kwa sababu mwali hacheki kwa sauti.

Kiangazi kile mjomba alipanda mvule kutafuta asali. Asali hakuipata, lakini alishuka na kifaranga cha kasuku ndani ya shati. Kilikuwa kibaya kwa kweli. Manyoya ndiyo kwanza yanachomoza, tumbo liko wazi, na macho ni meusi tii. Nilimwambia mjomba huyu si kasuku, kasuku ana jicho la njano. Akanijibu, "Jicho la njano ni la ukubwani. Wewe nawe ulizaliwa na meno?" Akanipa nimpelekee mwali, apate cha kumpotezea muda.

Dada akakilea pamoja na mwana wa mti. Alitafuna karanga na mahindi ya kuchoma, akakilisha mdomo kwa mdomo. Alikifunga mguu kwa uzi uliotolewa kwenye kitenge, uzi ukakaza bila yeye kujua, kidole kimoja cha nyuma kikakauka na kuanguka. Dada alilia siku nzima kwa kunong'ona. Tangu siku hiyo hakukifunga tena. Ndege akawa anatembea chumbani atakako, akipanda ukutani kwa kutumia mdomo kama mguu wa tatu, wala hakuondoka.

Kati ya ukuta na makuti palikuwa na uwazi wa kutosha jicho moja. Kutoka pale lilionekana shimo la mvule. Dada alikuwa na muda, na mimi nilikuwa na miguu, kwa hiyo aliyoyaona yeye nilikwenda kuyahakikisha chini ya mti. Tukajua kwamba jike ndiye anayelalia mayai, hatoki, na dume anamletea chakula akimtapikia mdomoni pale mlangoni pa shimo. Tukajua kuwa asubuhi na mapema wanakwenda kunywa maji bondeni, wote kwa pamoja na kwa kelele, na jioni wanarudi wawili wawili. Tukajua kwamba dume akitua hapigi kelele. Anatoa mlio mdogo sana, wa chini, na aliye ndani anajibu. Nje ya hapo husikii kitu.

"Na yeye ni mwali," dada alininong'oneza akimwonyesha yule jike kwa kidevu. "Ila yeye hapewi somo wa kumsema."

Huyo wetu wa chumbani hakutoa sauti yoyote ya maana. Alikwaruza, alisaga mdomo, basi. Dada alipopiga mluzi kumwita mama, ndege aliinamisha kichwa upande akamtazama. Mama alipopiga vidoko huko nje, akageuza kichwa upande wa pili. Wala hakujaribu. Nalisema hili kwa sababu baadaye nimelifikiria kuliko jambo lolote katika maisha yangu: miezi yote tuliyokuwa tumejaa nyumba ile, ndege alikuwa bubu.

Dada alikuwa atolewe baada ya mavuno. Mavuno yakawa mabaya. Mama na somo wakaona ngoma ya njaa ni aibu, wakasogeza mbele. Ndipo operesheni ikatufika.

Sina ugomvi wa kuanzisha leo juu ya operesheni. Kuna waliopata shule na zahanati, mimi mwenyewe nilisoma kwa sababu ile. Nasema tu jinsi ilivyokuja kwetu. Tuliambiwa tutahamia kijiji kipya karibu na Soga, tutakaa mistari iliyonyooka, lori litakuja. Watu wakadhani ni maneno. Siku moja asubuhi lori likaja kweli, na mgambo wakaanza kushusha makuti ya nyumba moja baada ya nyingine ili mtu asirudi kulala.

Kulikuwa na njia nyingine, nakubali. Nilisikia baadaye kwamba wengine waliwafunika wasichana wao waliokuwa uwalini gubigubi kwa shuka, wakawapandisha lori pamoja na magodoro. Mama na somo waliliangalia hilo, wakalikataa. Mwali kutolewa juani, bila ngoma, apandishwe gari kwa kushikwa na wanaume? Huyo atakuwa ameharibiwa, na kizazi chake kimefungwa. Wakapanga hivi: huko Soga mama atajenga kwanza chumba cha ndani, kikishakandikwa udongo atakuja kumchukua dada kwa miguu, magharibi, wanawake watupu. Siku chache tu. Mjomba akawaambia mgambo nyumba yetu wamwachie, ataibomoa mwenyewe kwa kuwa anataka kuokoa boriti. Wakamkubalia, maana walikuwa wamechoka.

Mgambo mmoja, kijana mpole tu, alisimama mlangoni. "Shikamoo mama. Humo ndani kuna mtu amebaki?"

"Marahaba baba," mama akamjibu. "Hamna mtu. Vyombo vyote vimekwisha toka."

Mimi nilikuwa nimeshika jogoo kwapani. Nilimtazama mama usoni nikaona hajapepesa hata jicho.

Kila siku mama alirudi kutoka Soga kwa kisingizio cha kung'oa mihogo, na mimi nikamfuata. Tukikaribia, dada alipiga mluzi, mama akaitika, tukaingia na chakula na maji. Nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi. Hakuna jogoo, hakuna kinu cha jirani, hakuna mtoto anayelia popote. Mchana wote, dada alisema, anasikia makuti tu na wale wa mvule. Lakini hakulalamika. Alikuwa ameota weupe wa mwali, ngozi laini, mashavu yamejaa.

"Nikiita kutoka hapa," aliniuliza siku moja, "mama atanisikia huko Soga?"

"Labda ulipandishe treni hilo limluzi lako," nikamwambia.

Akacheka kwa kujiziba mdomo. Ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka.

Mvua za masika zilikuwa zimechelewa, zikaja zote pamoja. Bonde lililo kati yetu na mahame, yale makazi tuliyohamishwa, likajaa usiku mmoja, na asubuhi palikuwa na mto pale tulipokuwa tukiruka kwa hatua moja. Mama akaenda akasimama ukingoni na kapu lake kichwani. Akasimama kesho yake pia, na keshokutwa. Watu waliompitia walimcheka. "Mihogo gani hiyo ya kufia maji?" Na yeye asingeweza kuwaambia si mihogo. Mjomba alijaribu kuvuka, maji yakampeleka mpaka kwenye matete, akatoka bega limetenguka. Usiku mama alikuwa halali. Alikaa kitako mlangoni pa kile chumba kipya ambacho udongo wake haukuwa umekauka, na mara kwa mara nilisikia ulimi wake, vidoko viwili, halafu kimya.

Maji yalipopungua kufikia kiunoni kwake, akanibeba mgongoni tukavuka.

Tulipofika kwenye mikorosho tukausikia. Mluzi mwembamba, unapanda taratibu, unashuka kidogo mwishoni. Mama akasimama. Akapiga vidoko viwili, kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya tena: akaruka juu kama mtoto, kapu likaanguka, akaanza kukimbia. "Nimekuja mama!" alikuwa akisema kwa sauti ya juu kabisa, bila kujali uwali wala mgambo. "Nimekuja mama yangu, nimekuja!"

Dada alikuwa amelala kwenye mkeka, amejikunja, mwana wa mti kifuani. Mtungi wa maji ulikuwa mkavu. Kasuku alikuwa amekaa ukingoni mwa mtungi ule, ametulia, anatutazama.

Somo ndiye aliyefuatwa Soga akaja kumwosha. Alinong'ona na mama mlangoni, nikasikia. "Ilikuwa homa. Lakini huyu si wa leo, mwenzangu. Huyu ana siku." Mama akamkatalia kwa hasira. "Ameniita leo hii! Nimemjibu!" Akanigeukia, macho yamemtoka. "Wewe hukusikia?"

"Nimesikia," nikasema.

Na kweli nilikuwa nimesikia. Na somo naye alikuwa anasema kweli, alikuwa ameosha maiti wengi. Walipokuja wanaume kumbeba, kasuku akaruka juu ya vichwa vyao, tukaona manjano ya mabawa, akaenda zake kwenye mvule. Dada tulimzika pale pale, pembeni ya nyumba. Hatukuulizwa maswali kijijini. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikwisha fichua kila kitu, kwa hiyo hapakuwa na la kuuliza.

Tangu hapo mama akawa mtu aliyechelewa. Sina neno lingine. Aliamini kwamba mwanawe alikuwa hai mpaka wakati ule tulipofika kwenye mikorosho, na kwamba kama asingesimama kujibu, kama angekimbia moja kwa moja, angemkuta na pumzi. Alikuwa akila huku amesimama. Chumba cha ndani, kile alichokijenga kwa ajili ya dada, hakuna aliyelala humo. Na kila baada ya siku kadhaa alichukua kapu lake akaenda mahameni.

Si muda mrefu, habari zikaenea. Waliokwenda kuokota kuni walisikia mwali akiita. Wachoma mkaa waliofika kuupima mvule kwa shoka walisikia mluzi juu ya kaburi, wakaacha shoka. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na jina likakaa: mahame ya mwali. Watoto wakikataa kulala walitishiwa naye. Mtu angewaambia ni ndege wangemcheka, kwa sababu kila mtu alijua kasuku wa kwetu ni bubu.

Mimi nilipelekwa kusoma Kibaha, nikajifunza kudharau. Nilikasirishwa na kila mtu: na waliomfanya dada yangu kuwa jini la kutishia watoto, na mama aliyekwenda kukaa na kaburi wakati sukari ya foleni inagawiwa, na hata na dada kwa kufa. Likizo moja nikamfuata mama bila kumwambia, nikaapa moyoni leo namaliza upuuzi huu.

Nyumba ilikuwa imekwisha kuanguka. Kuta zilikuwa zimerudi kuwa udongo, mikorosho imefungamana. Mama alikuwa amekaa kwenye kilichokuwa kizingiti. Nilisimama nyuma yake, nikangoja. Ukaja ule mluzi. Siogopi kusema, nusura nikimbie na elimu yangu. Mama akapiga vidoko viwili. Mluzi ukaja tena, kutoka juu. Nikainua macho nikatafuta kwa muda mrefu, mpaka ganda likadondoka, nikamwona. Jicho lake lilikuwa njano sasa. Alishika tawi kwa mguu mmoja, mwingine ameuinua kupeleka tunda mdomoni, na mguu ule ulikuwa na pengo la kidole cha nyuma.

"Mama," nikasema. "Ni ndege. Ni yule ndege wa dada."

Hakushtuka kuniona. Aliinua uso akamtazama kasuku, muda mrefu, mpaka akamaliza tunda lake. Ndege akapiga mluzi tena mbele yetu, koo likamtikisika. Mama aliona kwa macho yake. Nilidhani nimemtua mzigo. Nikaharakisha kusema, "Kwa hiyo siku ile hukuchelewa. Somo alikuwa mkweli. Alikuwa ameshafariki. Usingeweza kumwahi hata ungekimbia."

Mama akaniuliza polepole, "Ndege huyu, miezi yote ile tulipokuwa naye ndani, alipata kuita?"

"Hapana."

"Mjomba wako alimfundisha wa kwake neno moja miaka mingapi, asilipate?"

Nilikwisha kuona anakokwenda, nikatamani ardhi inimeze pamoja na ukaidi wangu.

"Basi mwanangu aliita mara ngapi?" mama akasema. "Mara ngapi, siku zile za maji, mpaka bubu akajifunza?"

Nikajaribu kumpoza. Nikamwambia huenda ndege alikuwa amejifunza zamani, akauweka moyoni ule mluzi, akautoa aliposhikwa na njaa. Ndege wako hivyo, nikasema, hakuna ajuaye. Inawezekana kweli. Mpaka leo najiambia inawezekana.

"Usinidanganye," mama akasema, bila ukali. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliita, na sikuitika. Ndege anaita zile zote ambazo sikuzisikia. Mimi nakaa hapa naziitika."

Nikakaa chini kando yake. Kasuku akaita, mama akaitika. Nililia kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Hakuacha kwenda. Miaka ya vita na baada ya vita, sabuni ilipokuwa haipatikani na khanga moja inavaliwa kwa zamu, mama alikwenda na kapu lake. Siku nyingine nilikwenda naye. Kulikuwa na miezi ambayo kasuku hawakuwepo, wamefuata matunda kwingine, na alirudi amenyong'onyea. Wakirudi, naye alirudi na nguvu. Watu walisema ana wazimu wa taratibu. Nilikwisha kuwa mwalimu wa shule ya msingi wakati huo, na aliyesema hivyo mbele yangu alipata majibu yake.

Kisha magoti ya mama yakakataa vilima, na si muda mrefu baadaye naye akaenda. Aliomba azikwe mahameni. Wazee wa kijiji walisema ni mbali, ni porini, lakini tulimbeba.

Arobaini yake ilipokwisha nikaenda peke yangu kupalilia makaburi yale mawili. Mkaa ulikuwa umekula vilima vyote vya jirani kwenda Dar es Salaam, ila mvule ulikuwa bado umesimama, kwa hofu ya mwali. Nilikuwa nimeinama nang'oa nyasi. Mluzi ukaja juu yangu. Nikaacha nyasi.

Nilimtafuta yule asiye na kidole. Hakuwa yeye. Aliyekuwa akiita alikaa tawi la chini, manyoya bado hayajakolea, na macho yake yalikuwa meusi tii. Huyu hakuwahi kumwona dada yangu. Labda hata mzazi wake hakuwahi kumwona. Lakini mluzi ulikuwa ule ule, unapanda taratibu, unashuka kidogo mwishoni.

Mdomo wangu ulikuwa mkavu. Nilijua kuwa sasa ni zamu yangu, mama hayupo, na mwali akiita lazima aitikiwe. Nikaulowesha ulimi. Kabla sijaupiga, kutoka juu kabisa, ndani ya shimo la mvule, vikaja vidoko viwili.

Nikabaki nimepiga magoti kati ya makaburi. Sijui mama aliwahi kuvisikia, wakati akiwa na nguvu za kupanda kilima. Hakuniambia, lakini mama alikuwa mtu wa kuficha. Yule mdogo wa macho meusi akaita tena, na akaitikiwa tena, bila kungojeshwa.